Nondo wa Chini ya Mpera

Vijiti vilikuwa vinne. Vilikuwa vya mti mbichi, vimechongwa ncha, na juu ya kila kimoja kilifungwa kipande cha plastiki nyekundu. Viwili vilisimama nje ya ua wa minyaa na viwili vilikuwa ndani, kimoja katikati ya tuta la vitunguu na kingine hatua nane kutoka kwenye shina la mpera.

Euphrasia aliviona Ijumaa saa nane mchana, alipokwenda kumwagilia mchicha. Hakuvigusa. Aliweka ndoo chini, akarudi mpaka barazani alikokaa mumewe, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Baba Generosa, njoo uone bustani yako imeota nini."

Mzee Deusdedit Ngusa alivua miwani, akaifunga kwenye kitambaa chake, akamfuata. Alipoviona alisimama. Mkazi wa vijiji vya huku Segese hahitaji mtu wa kumweleza maana ya kijiti chenye plastiki nyekundu. Kikichomekwa shambani, ujue kuna mtu ameshapima duara lake, yaani mahali atakapochimba shimo la dhahabu, na wenzake wako njiani. Wachimbaji huliita jambo hilo rashi. Huanza na mnong'ono asubuhi, na kabla ya jua la siku ya pili mahali palipokuwa na mahindi pana watu mia tatu, maturubai, mama lishe na mashimo ya kumeza ng'ombe. Shamba la shemeji yake kule Masumbwe liliishia hivyo. Mpaka leo halioti hata magugu.

"Nani kawaambia hapa kuna dhahabu?" aliuliza.

"Wewe," mkewe alimjibu.

Alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika. Euphrasia alikuwa amesema kweli.

Mzee Deusdedit alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alianza kusoma akiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la jioni la watu wazima, mikono ikiwa bado na grisi ya mashine ya kuchambua pamba. Wenzake wengi walikoma walipojua kuandika majina yao. Yeye aliendelea: akasoma hesabu, akasoma jiografia, akanunua kamusi ya Kiingereza ambayo kwanza aliisoma kama kitabu cha hadithi, ukurasa baada ya ukurasa. Alipostaafu alipanda bustani hii kwa mikono yake, nusu ekari ya miti ya matunda, maua na mboga, na ndani yake akapata jambo ambalo hakuna mtu kijijini aliyelijua kuliko yeye. Alipata nondo, wale wadudu wa usiku walio ndugu wa vipepeo.

Yote yalianza miaka miwili nyuma, Daktari Aneth, mtafiti wa wadudu, alipokuja kuwafundisha wakulima kuwatambua nondo wa viwavijeshi kabla mahindi hayajaliwa. Wakulima walisikiliza, wakasaini karatasi, wakaenda zao. Mzee Deusdedit alibaki na maswali kumi na saba. Daktari alimjibu yote, na alipoondoka alimtumia balbu ya mwanga wa zambarau unaowavuta wadudu. Tangu hapo, kila jioni isiyo na mvua, mzee alitundika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, akawasha balbu kwa umeme wa sola, akakaa na daftari. Mashina ya miti aliyapaka uji wa ndizi zilizooza na sukari guru, kwa kuwa wako nondo wasiojali taa lakini hawapiti penye pombe. Aliwakagua kwa lenzi, akawaingiza kwenye chupa kwa koleo ndogo, na wale aliotaka kuwahifadhi aliwakunja, wakishakufa, kwenye vibahasha vya karatasi.

Sasa lenzi ile aliinunua Segese, kwenye duka linalouza vifaa vya wanunuzi wa dhahabu, maana hakuna duka jingine lenye lenzi. Koleo na vibahasha vilitoka hapohapo. Mwenye duka alimuuliza, "Mzee, umeanza biashara?" Mtu mwingine angesema, nakamata nondo, wakacheka pamoja, yakaisha. Mzee Deusdedit hakutaka kuchekwa. Alisema, "Ni mambo ya kitaalamu." Na mwezi uliopita, kwenye kibanda cha kahawa, wachimbaji walipomtania kwamba anawanga na taa yake, aliweka kikombe chini na kuwaambia, "Ninachookota mimi bustanini kina thamani kuliko hayo mawe mnayovunjia migongo."

Alilisema polepole ili wote wasikie. Na wote walisikia.

"Leo ni Ijumaa," Euphrasia alisema, wote wawili bado wanavitazama vijiti. "Daktari wako anakuja kesho saa tatu. Atakuta nini?"

Mzee aligeuka. Aliingia ndani, akatoa kisanduku cha bati chini ya kitanda, akakagua kibahasha kimoja. Kilikuwa salama.

Ndani ya kibahasha hicho alikuwemo nondo asiye na jina. Mwezi Februari, akipalilia chini ya mpera, jembe lilifukua bundo, kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hulala akigeuka kuwa nondo. Alikiweka kwenye kopo lenye udongo, akakilinda siku kumi na tisa dhidi ya sisimizi na kuku. Aliyetoka humo hakuwa katika kitabu chochote alicho nacho. Mwili wa kahawia, vipapasio kama manyoya, na juu ya kila bawa la mbele doa la dhahabu, pana kama punje ya mtama, linalowaka ukiligeuza kwenye mwanga. Alimpiga picha kwa simu, akaituma. Daktari Aneth alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akapiga mwenyewe.

"Mzee Ngusa, huyu simjui. Nimewauliza na wenzangu, hawamjui. Lakini picha haitoshi. Nondo wa kundi hili hutofautishwa kwa viungo vya ndani, kwa darubini. Mtunze. Nakuja kumchukua mwenyewe. Chini yake patawekwa kijikaratasi chenye mahali, tarehe na jina lako, na karatasi hiyo itakaa naye hata miaka mia."

Mzee alishafanya mazoezi ya kuandika kijikaratasi hicho mara tisa, kwa kalamu ya wino: *Amekamatwa na D. Ngusa.*

Alimpigia simu mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa Kahama, Nyasubi, kwenye msiba, na alisema atarudi Jumapili. Aliwapigia polisi, wakaandika jina lake vizuri, wakamwambia gari lao limekwenda kwingine.

Saa kumi mwanamume mmoja aligonga mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, kucha zilizojaa vumbi la mwamba lisilotoka kwa sabuni. Mzee alimjua kwa sura: Fikirini, kiongozi wa kikundi cha wachimbaji waliopanga nyuma ya zahanati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vijiti vile ni vyako?"

"Kimoja changu. Vitatu vya watu." Fikirini alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa, akavua kofia. "Nimekuja kwa heshima. Wengine walitaka kuingia tu. Nikasema hapana, yule ni mzee wetu, ana haki yake ya mwenye shamba. Kwenye kila mifuko kumi ya kifusi, wewe unapata yako kabla hata mimi sijapata yangu. Ukikubali tunaandikishana leo."

"Hapa hakuna dhahabu, mwanangu. Mimi ninakamata wadudu."

Fikirini alianza kuhesabu kwa vidole. "Baba, wewe ni mtu mzima, tusifanyane watoto. Una lenzi ya wanunuzi. Una vibahasha vya kufungia dhahabu. Miti umeipaka alama. Unawasha taa ya zambarau, unaokota kitu kidogo kwa koleo, unakitia kwenye chupa, halafu unaandika na tarehe. Mimi nina miaka kumi na mmoja kwenye mashimo. Huyo mdudu unamuuza wapi?"

"Hauzwi."

"Hauzwi!" Fikirini alijipiga paja, akacheka, lakini macho hayakucheka. "Basi umezidi kunitia hamu. Baba, sikiliza. Giza likiingia watu watafika. Mimi naweza kuwaambia wakusalimie, siwezi kuwaambia wasichimbe."

 Zamani Mzee Deusdedit angesimama, akamfukuza. Safari hii alishika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Waambie waje saa moja na nusu," alisema. "Kabla ya sururu hata moja kugusa chini, wakae, niwaonyeshe ninachofanya. Wakiona ni uongo, watajua wenyewe."

"Na wakiona ni kweli?"

"Wataondoka na vijiti vyao."

Fikirini alivaa kofia yake. "Nitawaambia," alisema. "Lakini usituchezee, baba. Watu wana njaa."

Walifika zaidi ya arobaini. Mzee aliziona kwanza tochi zao za kichwani zikishuka njia ya kisimani, kama kijiji kizima kimeamua kutembea. Walibeba sururu na makoleo. Wawili walikuwa na turubai begani. Nyuma yao alitembea mwanamke mnene mwenye khanga kiunoni na karai la kuoshea mchanga kichwani. Huyo alikuwa Mwamvua, mwoshaji. Ilijulikana kuanzia Segese hadi Masumbwe kwamba Mwamvua akisema mchanga una kitu, watu wanachimba, na akisema hauna, wanahama.

Euphrasia alisimama mlangoni mwa bustani. "Mtapita njia ya katikati," aliwaambia. "Atakayekanyaga vitunguu vyangu atanijua."

"Tunapita, mama," walisema, wakapita njia ya katikati, wote, kama watoto wa shule.

Mzee alikuwa amevaa shati jeupe na koti. Aliwaomba wazime tochi. Kulikuwa na manung'uniko.

"Tuzime ili iweje? Utukimbie?"

"Nina miaka sabini na mmoja, nitakukimbia kwenda wapi? Zima. Wadudu watafuata vichwa vyenu badala ya shuka."

Tochi zilizimwa moja moja. Mwanga wa zambarau ukabaki peke yake juu ya shuka, na meno ya watu yakaonekana ya buluu. Dakika tano zilipita. Mbu tu. Mzee alisikia mtu nyuma yake akibadilisha sururu kutoka bega hili kwenda lile. Alijua kabisa kwamba zipo jioni ambazo hawaji, bila sababu anayoijua. Daftari lake lilikuwa na jioni kama hizo ishirini na tatu.

Kisha wa kwanza akatua. Alikuwa mweupe, mwenye pindo jeusi shingoni.

"Huyu namwita Padri," mzee alisema. "Akitua hukunja mabawa namna hii, kama joho. Huyu wa pembeni, mwenye madoa ya wino, ni Karani. Nondo utamjua kwa vipapasio na kwa namna anavyokaa. Kipepeo husimamisha mabawa, nondo huyalaza. Yule anayejificha uso kwa miguu ya mbele nimemwita Mkwe."

Kicheko kilisikika. Mmoja alipiga kelele, akijipiga kichwani, "Mzee! Na huyu aliyeniingia sikioni anaitwaje?"

"Huyo sijampa jina, lakini ana akili, amepata chumba kitupu."

Walicheka wote, hata Fikirini.  Mzee akaendelea, akawaonyesha nondo wa viwavijeshi, akawaambia jinsi ya kumtofautisha na wale wasio na madhara, na walio karibu wakasogea. Kwa dakika kumi hivi alikuwa mwalimu mwenye darasa.

"Geresha!" Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Eustace, mwenye mdomo mrefu kuliko wenzake, amekalia ndoo yake. "Jamani, mnafundishwa nondo! Wadudu wako kwetu pia, wanaanguka kwenye mboga. Alisema ana kitu chenye thamani kuliko mawe yetu. Hao akina Padri ndio thamani? Mwambieni atoe kile kitu."

"Kweli," wengine walisema. "Atoe."

Euphrasia alimtazama mumewe na kutikisa kichwa kidogo, kumkataza. Mzee aliuona mtikiso ule. Lakini lile neno geresha lilikuwa limemchoma, na watu arobaini walikuwa wakingoja, na kitu chenyewe kilikuwepo, kwenye mfuko wa koti, mahali alipokiweka kwa usalama.

"Nitawaonyesha," alisema.

Alifungua kibahasha juu ya kiganja, akakiweka chini ya mwanga na kuwasha tochi ndogo.

Hakuna aliyecheka. Madoa mawili yaliwaka. Fikirini aliinama, akatoa lenzi yake mwenyewe kutoka mfukoni, akaangalia doa la kwanza, kisha la pili.

"Umemtoa wapi?" Fikirini aliuliza kwa sauti ya chini.

Na hapo Mzee Deusdedit, kwa kuwa alikuwa na jibu sahihi na kwa miaka yote alikuwa akingoja mtu wa kumuuliza, akajibu sawasawa. "Nilimfukua mimi mwenyewe, chini ya mpera ule. Kiwavi wake hukaa ardhini. Anakula mizizi."

 Kelele zikalipuka.

"Anatoka chini!"

"Anakula huko chini, anapanda nayo!"

"Nilisema! Matonange! Iko chini ya mpera!"

Matonange ni mwamba wenye dhahabu inayoonekana kwa macho, na neno hilo likitamkwa mbele ya wachimbaji hakuna linalosikika tena baada yake. Tochi arobaini ziliwaka. Watu walipita juu ya vitunguu, juu ya mchicha, shuka likavutwa na nguzo moja ikaanguka. Mzee alifunika kibahasha kwa mikono miwili na kukikumbatia kifuani. Alisikia sururu ya kwanza ikiingia kwenye udongo, kisha ya pili, na sauti ya mzizi ukikatika.

"Mayu wane!" Euphrasia alilia kwa Kisukuma, akimwita mama yake. Alikwenda mbio, akaukumbatia mpera kwa nyuma, akawaelekea. "Nipigeni mimi kwanza!"

"Simameni!"

Sauti hiyo haikuwa ya Fikirini. Mwamvua alikuwa ameweka karai lake chini katikati ya njia na kusimama kando yake. "Tangu lini mnachimba bila kuosha? Nani aliyewafundisha kazi hiyo? Eustace, toka kwenye hilo shimo. Lete mchanga."

Hiyo ni desturi yao, na hata mwenye tamaa huogopa kuivunja: duara haliendelei kabla ya mwoshaji kuosha mchanga wa kwanza. Wakaleta. Mwamvua alimimina maji kutoka kwenye ndoo ya Euphrasia, akalizungusha karai, akamwaga, akazungusha tena, mpaka chini likabaki tope jepesi jeusi. Aliwasha tochi. Aliangalia muda mrefu.

"Hakuna."

"Hapo ni juu," Eustace alisema. "Iko chini, mdudu ndiye aliyeipandisha. Mdudu ndiye ushahidi."

"Ndiyo! Mdudu!"

Mwamvua alipangusa mikono kwenye khanga. Alimgeukia mzee. "Baba, umesikia. Mchanga hauwatoshi. Nipe huyo mdudu nimchome."

"Hapana."

"Dhahabu haiungui. Kama ni dhahabu itabaki, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchimba, nisikufiche. Kama siyo, hawa nitawaondoa mwenyewe."

"Kuna mtu anakuja kesho," mzee alisema. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, na aliisikia. "Kesho saa tatu. Anatoka mbali. Huyu ni mmoja tu. Hakuna mwingine."

"Kesho saa tatu hapa patakuwa na maturubai."

"Chukua bawa moja."

"Nikichoma moja watasema dhahabu iko kwenye lile la pili. Unawajua."

Aliwajua. Alitazama mpera. Euphrasia alikuwa bado ameukumbatia kwa mikono iliyogeukia nyuma, kilemba kimedondoka, nywele nyeupe zimejaa udongo. Hakusema chochote kuhusu bustani. Alisema tu, kwa sauti ya ndani ya nyumba, "Baba Generosa. Mpe."

Mzee alirudi kwenye kiti chake. Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alizeeka pale pale, lakini hiyo ni chumvi ya watu. Alichofanya ni kuvaa miwani.

"Nipeni robo saa," alisema. "Nimpime."

"Robo saa ya nini tena?"

"Mpeni," Fikirini alisema. Alikuja, akapiga goti kando ya mzee, akageuza tochi yake ya kichwani iangaze kiganja. "Mpime, baba."

Mzee alifungua daftari juu ya goti. Mkono mmoja ulimbeba nondo, mwingine kalamu, na rula haikupata wa kuishika. Fikirini aliichukua bila kuombwa, akaishika juu ya bawa bila kuligusa, kwa vidole vilivyozoea kupima vitu vidogo.

"Milimita kumi na tisa. Inazidi kidogo."

"Kumi na tisa na nusu. Sasa doa. Urefu, halafu upana."

"Tatu. Mbili."

"Vipapasio. Hesabu vijinyoya vya upande wa kushoto."

"Baba, hivi?"

"Hesabu."

Fikirini alihesabu kwa lenzi yake ya kukagulia dhahabu, midomo ikisogea. Nyuma yao watu walinung'unika, wakakaa, mmoja akawasha sigara, Mwamvua akaizima. Mzee aliandika rangi ya tumbo, rangi ya miguu, mistari ya bawa la nyuma. Alichora. Alipomaliza ukurasa mzima alitazama tena, kama kuna kitu amesahau, akaona vipo vingi, na hakuna kalamu ingeviandika. Viungo vya ndani ya tumbo hakuna rula ya kuvipima.

Alimweka mwenyewe kwenye kijiko cha chuma cha Mwamvua.

Mwamvua alifungua mtungi wake mdogo wa gesi. Moto wa buluu ulipita chini ya kijiko mara moja. Nondo alijikunja kama karatasi, madoa yakawaka kwa nukta moja kwa namna ambayo hayajawahi kuwaka, wengi wakasogea mbele, kisha yakazimika. Ilibaki chembe ya majivu ambayo pumzi ingeipeperusha. Mwamvua hakuipuliza. Aliitia ndani ya karai, akadondosha tone la zebaki, akalizungusha juu ya majivu yote, kwa kuwa zebaki ikikuta dhahabu huikamata. Tone lilikwenda huku na huku, likarudi safi kama lilivyotoka. Alilipitisha karai mbele ya nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayegawa chakula.

"Tazama. Na wewe tazama. Eustace, fungua macho. Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu."

"Haya. Kesho alfajiri tuna kazi. Twendeni."

Waliondoka wakilaumiana. Mmoja alimlaani Eustace, mwingine akailaani njaa. Kwenye tuta la vitunguu waliruka wote, ingawa hapakuwa tena na vitunguu vya kuruka. Mwamvua alijitwika karai lake. Alipompita Euphrasia alimwokotea kilemba, akakikung'uta.

"Pole, mama."

"Asante. Na wewe pole na kazi."

Fikirini peke yake alibaki. Aling'oa vijiti vinne, akaondoa plastiki, akasimama navyo asijue avipeleke wapi, mpaka Euphrasia alipomnyang'anya na kusema vitafaa kuegemezea nyanya. Alisimamisha nguzo iliyoanguka. Shuka lilikuwa na nyayo; alilitundika hivyo hivyo. Kisha akafukia shimo lililochimbwa chini ya mpera kwa mikono, taratibu, akichambua udongo kabla ya kuurudisha.

"Unatafuta nini?" mzee alimuuliza kutoka kwenye kiti. "Umeambiwa hakuna."

"Hicho kifuko. Bundo. Kama alikuwepo mmoja..."

"Huonekana Februari. Sasa ni Aprili."

"Basi Februari," Fikirini alisema. Alifukia shimo, akapangusa mikono, akaja kukaa chini mbele ya shuka. Balbu ilikuwa bado inawaka. Mkwe alikuwa amerudi, na amejificha uso.

Mzee alimpigia Daktari Aneth. Alimweleza yote kwa utaratibu: lenzi, kibanda cha kahawa, neno lake mwenyewe, moto. 

"Vipimo unavyo?" daktari aliuliza alipomaliza.

"Ninavyo. Havitoshi kumpa jina."

"Havitoshi," daktari alikubali. "Lakini naja. Niwekee chakula."

Mzee alifungua daftari. Chini ya mchoro palikuwa na nafasi aliyoiacha kwa ajili ya jina, na pembeni ile aliyoiacha kwa ajili ya aliyemkamata. Ya kwanza aliandika *Hajulikani*. Kwenye ya pili aliandika *D. Ngusa*, akamgeukia mgeni wake.

"Fikirini, jina lako la pili nani?"

"La nini, baba?"

"Wewe ndiye uliyehesabu vijinyoya. Vilikuwa vingapi?"

"Thelathini na nne. Upande wa kushoto." Fikirini alikuwa ameegemeza viwiko magotini, anamtazama mdudu mdogo wa kijivu aliyetua kwenye alama ya kiatu. "Na huyu? Huyu anaitwaje?"

Mzee Deusdedit alivuta kiti karibu na shuka, akamwonyesha.